Mbao Ngumu Zisizo Ngumu: Uhakiki wa Istilahi za Mgrevilea

1. Utangulizi

Istilahi za misitu hazikai katika madaftari peke yake. Mwalimu huzifundisha darasani, afisa ugani huzitamka shambani, karani huziandika katika kibali, na mwishowe humfikia mtu aliyeshika panga mkononi. Ikiwa istilahi imebeba maana isiyo sahihi, kosa lake halionekani katika ukurasa uliochapwa. Huonekana katika kisiki kilichokufa, katika nguzo iliyooza, au katika msimu wa mvua uliopita bure.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki baadhi ya istilahi zinazotumika katika maandishi ya Kiswahili kuhusu upandaji, utunzaji na matumizi ya miti. Ili mjadala usielee hewani, tumechagua mti mmoja, mgrevilea, na mahali pamoja, mji wa Babati na vijiji vinavyouzunguka. Mti huu umechaguliwa kwa sababu umeenea katika mashamba ya nyanda za kaskazini, nasi tunaona kwamba karibu kila istilahi inayoutaja ina kasoro yake. Mji umechaguliwa kwa sababu ya lugha zake. Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002, iko pale ambapo barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Dodoma hukutana na ile ya Singida. Hapo Wagorowa na Wairaqw, wenye lugha za Kikushi, huishi pamoja na Warangi na Wanyaturu wenye lugha za Kibantu, na Wabarabaig na Wamasai wenye lugha za Kinailoti. Lugha ya sokoni, ya kitaluni na ya ofisini ni Kiswahili. Mahali kama hapo msomaji hawezi kurekebisha istilahi mbovu kwa kuilinganisha na lugha mama ya mwandishi. Huichukua istilahi kama ilivyoandikwa na kuitenda.

Haja ya uhakiki huu imezidi tangu mwaka 2021, Sheria Na. 1 ya mwaka huo ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliandikwa kwa Kiingereza, na kanuni nyingi zilizotungwa chini ya sheria hiyo ziliandikwa hivyo hivyo. Neno lililokuwa kosa dogo katika kijitabu cha ugani, likiingia katika sheria, huwa kosa lenye faini.

2. Mti wenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno yafaa tukumbushane kitu kinachotajwa. Mgrevilea, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Grevillea robusta, asili yake ni mashariki ya Australia, katika majimbo ya Queensland na New South Wales. Jina lake la kisayansi lilichapishwa mwaka 1830; neno la kwanza katika jina hilo ni kumbukumbu ya Mwingereza Charles Francis Greville (1749–1809), aliyependa sana elimu ya mimea. Mti huu uliletwa Afrika ya Mashariki ili uwe kivuli cha kahawa na chai, kisha ukatoka katika mashamba makubwa na kuingia katika mashamba ya wakulima wadogo, hasa katika mipaka ya mashamba.

Ni mti mrefu ulionyooka, wenye majani yaliyochanika mfano wa majani ya kangaga, kijani upande wa juu na rangi ya fedha upande wa chini. Maua yake ni ya rangi ya machungwa iliyochanganyika na dhahabu, na nyuki huyapenda. Mbao zake hutumika kwa samani, milango, mapaa na masanduku. Matawi yake ni kuni. Majani yake yanayoanguka huwa matandazo ya kuhifadhi unyevu wa udongo. Vumbi la mbao zake huwawasha ngozi baadhi ya mafundi, jambo ambalo kila maelekezo ya matumizi yake yangepaswa kulitaja.

Huo ndio mti. Sasa na tutazame unavyosemwa.

3. Jina la mti

Jina la mti huu huandikwa kwa namna nyingi: mgrevilea, mgrivilea, mgrivelia, mgrivea, na wakati mwingine grevilea bila kiambishi. Katika Kenya ya kati wakulima wengi huuita kwa jina la Kikikuyu, mukima. Mtu aweza kudhani kwamba tofauti hizi ni jambo la wahariri tu. Hata hivyo, katika orodha ya kitalu, stakabadhi ya mauzo na taarifa ya wilaya, mti ulioandikwa kwa tahajia tatu huhesabiwa kuwa miti mitatu.

Wako wanaopendekeza kwamba tuliache jina la kigeni na kuunda jina la Kiswahili safi. Hatukubaliani nao. Tunao mfano wa mkaratusi, ambao jina lake lilitokana na jina la kisayansi la mti mwingine wa Australia. Midomo ya wasemaji ililisaga jina lile mpaka likakaa katika silabi za Kiswahili, na leo hakuna anayeliona kuwa ni geni. Mti huo huo katika Nyanda za Juu Kusini huitwa mlingoti, kwa kufananishwa na mlingoti wa chombo. Majina yote mawili yalitoka kwa watumiaji. Mwarobaini nao ulipata jina kwa wingi wa maradhi ambayo watu waliamini kwamba unayaponya. Jina la mti halina wajibu wa kuueleza mti wote. Wajibu wake ni kuutofautisha mti huo na mingine.

Hatari kubwa zaidi ni tafsiri ya neno kwa neno. Kwa Kiingereza mgrevilea huitwa kwa jina ambalo, likifasiriwa sisisi, lingekuwa ‘mwaloni wa hariri’. Mwaloni twaujua sana kutokana na Biblia ya Kiswahili, nao ni mti wa jamii nyingine kabisa. Waingereza walioufikia mti huu Australia waliona mistari ya mbao zake ikifanana na ya mwaloni wa kwao, wakaupa jina la kwao. Ni haki yao. Mfasiri wa Kiswahili hana sababu ya kurithi mfanano ambao msomaji wake hakuuona. Hali ni hiyo hiyo kwa mwerezi. Neno hilo lilitufikia na mierezi ya Lebanoni, na baadhi ya waandishi hulitumia kwa mtarakwa wa milima yetu, ambao kwa elimu ya mimea si mwerezi.

Tunapendekeza, basi, mgrevilea, wingi migrevilea, katika ngeli ya M-/MI- kama miti yote, na mbao zake ziitwe ‘mbao za mgrevilea’ kama tunavyosema mbao za mninga. Jina la kisayansi liandikwe mara moja mwanzoni mwa kila maandishi. Utaratibu huo ulifuatwa vizuri na L. P. Mbuya na wenzake katika kitabu chao cha mwaka 1994 kuhusu miti na vichaka vyenye manufaa Tanzania, ambamo majina ya lugha mbalimbali za nchi yamewekwa pamoja na jina la kisayansi. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa habari ya majina kimewatumikia wenye Kiswahili kuliko kamusi zetu nyingi, ambazo hutosheka kusema ‘aina ya mti’ na kumwacha msomaji gizani.

4. ‘Mbao ngumu’

Kasoro iliyo nzito kuliko zote imo katika jozi ya istilahi ‘mti wa mbao ngumu’ na ‘mti wa mbao laini’. Jozi hii imetafsiriwa moja kwa moja kutoka lugha za Ulaya. Huko mgawanyo huo una maana mbili. Ya kwanza ni ya fundi: ubao mgumu na ubao laini. Ya pili ni ya elimu ya mimea: miti itoayo maua ya kweli huwekwa kundi moja, na miti izaayo koni, kama msindano na mtarakwa, huwekwa kundi jingine. Kwa kuwa katika misitu ya Ulaya miti mingi ya kundi la kwanza ina mbao ngumu kuliko ya kundi la pili, watu wa huko wametumia jina moja kwa maana zote mbili na mazoea yakawatosha.

Kwetu mazoea hayo hayapo. Katika nchi hii miti mingi sana ya asili ni ya kutoa maua. Wenye koni ni wachache, kama mtarakwa na podo. Mgawanyo wa kielimu ukiitwa kwa maneno ya ugumu na ulaini huiweka karibu misitu yetu yote ya asili katika ‘mbao ngumu’, na neno hupoteza kazi yake. Mpingo, ambao ubao wake huzama majini, ni ‘mbao ngumu’. Balsa ya Amerika ya Kati na Kusini, ambayo ubao wake ni mwepesi kiasi cha kutumiwa kuundia ndege za kuchezea, nayo ni ‘mbao ngumu’. Mgrevilea huwekwa hapo hapo.

Seremala, Babati au kwingineko, hakubali. Kwake mbao ngumu ni mninga, mvule, mkongo na jamaa zao. Mgrevilea ni mbao laini, rahisi kupiga randa, nzuri kwa kabati na dari, na si ya kufukiwa ardhini. Naye seremala ndiye msema kweli. Ubao wa mgrevilea haudumu ukigusana na udongo, na mchwa huushambulia. Mkulima aliyesoma katika kijitabu kwamba mgrevilea ni ‘mti wa mbao ngumu’, akachimbia nguzo za uzio au za banda la ng’ombe kwa kuyaamini maneno hayo, atazichimbua kabla ya muda alioutarajia. Kijitabu hakikusema uongo kwa kipimo cha chuo. Kimesema uongo kwa kipimo cha mchimba shimo. Istilahi inayosema kweli chuoni na uongo shambani haifai kuitwa sanifu.

Tatizo huongezwa na majina mengine yanayovuta upande huo huo. Neno robusta katika jina la kisayansi ni la Kilatini, na maana yake ni ‘enye nguvu’. Nguvu hiyo ni ya mti unavyokua, wala si ya ubao wake. Tena neno hilo hilo kwa mkulima wa Kagera ni aina ya kahawa. Mwaloni nao hujulikana kwa ugumu. Mfasiri anayetegemea majina tu hupata mashahidi watatu wa ugumu, na wote watatu hawakuushika ubao.

Wengine wamejaribu kulikwepa tatizo kwa kusema ‘miti ya majani mapana’. Istilahi hiyo yafaa katika msitu wa Ulaya, lakini kwetu haisimami. Majani ya mgrevilea yamechanika kama ya kangaga, na mvinje wa pwani una vitawi vyembamba kama sindano. Mvinje ni mti utoao maua, na ubao wake ni mgumu mno. Mwanafunzi akipewa kipimo cha upana wa majani ataupeleka mvinje kwa misindano, na mwalimu atakayemkosoa hatakuwa na hoja.

Twaona njia ni kuzitenganisha maana mbili zilizobanwa katika neno moja. Maana ya kielimu iitwe ‘miti ya maua’ na ‘miti ya koni’. Maana ya fundi ibaki ‘mbao ngumu’ na ‘mbao laini’, kama mafundi wenyewe wasemavyo, na iongezewe jambo la tatu ambalo hata lugha za Ulaya husema kwa maneno mengine: udumifu. Ugumu na udumifu ni sifa mbili. Kuna ubao mgumu unaoliwa na wadudu upesi, na kuna ubao wa wastani unaodumu, kama mtarakwa unavyojulikana kwa nguzo zake. Kwa hiyo maelezo sahihi ya mgrevilea ni haya: mti wa maua, wenye mbao laini au za ugumu wa wastani, zisizodumu ardhini. Maneno ni mengi kidogo kuliko ‘mbao ngumu’, lakini hayamwangushii mtu banda.

Umuhimu wa jambo hili katika sheria ni dhahiri. Ikiwa jedwali la ushuru au la vibali litatenga viwango vya ‘mbao ngumu’ na ‘mbao laini’ bila kueleza maana, mpimaji atatoza kwa maana ya chuo na mwenye gari la mbao atatetea kwa maana ya sokoni. Kila mmoja atakuwa na kamusi upande wake, na hakimu atakuwa na kazi ambayo mfasiri aliiacha bila kuimaliza.

5. ‘Majani ya kudumu’

Miti kama mgrevilea, mjohoro na mkaratusi, ambayo haipitishi majira ya mwaka ikiwa mitupu, huelezwa kwa Kiswahili kwa istilahi kadhaa: miti ‘ya kijani kibichi daima’, ‘isiyopukutisha majani’, au ‘yenye majani ya kudumu’. Zote hizi zinasema zaidi ya kweli. Hakuna jani linalodumu. Katika mti wa namna hii majani huanguka kidogo kidogo na mengine kuchipua, hivyo mti hauonekani kuwa uchi. Na ukame ukizidi, mgrevilea hudondosha majani mengi kwa mara moja.

Mtu aweza kuuliza hasara iko wapi. Iko hapa: faida mojawapo kubwa ya mgrevilea shambani ni majani yake yanayoanguka, ambayo hufunika udongo na kuzuia jua lisiukaushe. Kijitabu kinachosema katika ukurasa wa kwanza kwamba mti ‘haupukutishi majani’, na katika ukurasa wa tatu kwamba ‘majani yake yaliyopukutika yatumike kuwa matandazo’, kinajipinga chenyewe. Msomaji makini hukosa imani na kurasa zote mbili. Tena neno ‘daima’ humfanya mkulima anayeona majani ya mti wake yakidondoka wakati wa kiangazi adhani kwamba mti umepata ugonjwa.

Tunapendekeza ‘mti wa majani mwaka mzima’ dhidi ya ‘mti wa kupukutika’. Istilahi ya kwanza yazungumzia mti, si jani. Haiahidi kwamba jani halitaanguka. Ya pili yafaa kwa miti kama mninga na mingi ya miombo, ambayo husimama mitupu sehemu ya kiangazi.

6. Kitenzi ‘kukata’ na kitenzi ‘kupanda’

Katika kampeni za upandaji miti hapa nchini kumekuwa na wito maarufu: ‘Kata mti, panda miti.’ Ni wito mzuri, unaoshikika masikioni, kama ilivyokuwa kampeni ya ‘Misitu ni Mali’ ya mwaka 1980. Hatuulaumu. Wito hutakiwa uwe mfupi. Lawama yetu ni kwamba vitenzi viwili vya wito huo, kukata na kupanda, vimehamia katika maelekezo ya kitaalamu na kutumika kwa kila kitendo.

Tuanze na kukata. Mwenye mti aweza kuukata kwa namna nne zilizo tofauti. Aweza kuondoa matawi ya pembeni na kuacha shina na kilele. Aweza kukata shina juu, kupita kimo cha mtu, ili machipukizi yatoke huko ambako mbuzi hawafiki. Aweza kukata shina karibu na ardhi akitumaini kwamba kisiki kitachipua. Na aweza kuondoa miti michache katikati ya mingi ili inayobaki ipate nafasi. Kiingereza kina neno moja moja kwa kila kitendo. Maandishi yetu mengi husema ‘kata’, au yakijitahidi, ‘kata ili uchipue’.

Sasa tutazame kinachotokea shambani. Mjohoro na mkaratusi, miti miwili iliyozoeleka sana, ikikatwa karibu na ardhi huchipua upya kisikini. Mgrevilea sivyo. Huchipua vizuri sana ukiondolewa matawi, na huchipua vizuri ukikatwa shina juu, lakini mti mkubwa ukikatwa chini aghalabu kisiki chake hufa. Mkulima aliyezoea mjohoro, akipewa karatasi yenye agizo ‘kata ili uchipue’, atakata pale alipozoea kukata. Karatasi haikumkataza. Mti uliochukua miaka kumi kukua umepotea kwa sababu kitenzi hakikusema wapi.

Hapa hatuna haja ya kuazima neno. Kupogoa kumo katika Kiswahili tangu zamani, na maana yake ni kuondoa matawi. Litumike kwa hilo tu. Kwa kukata shina juu tunapendekeza ‘kukata kilele’. Kwa kukata chini kwa kusudi la kupata machipukizi tunapendekeza ‘kuchipuza kisiki’, ili tuweze kuandika bila utata: ‘Mgrevilea hupogolewa na hukatwa kilele, usichipuzwe kisiki.’ Na kwa kuondoa baadhi ya miti, ‘kupunguza miti’ yatosha.

Kitenzi kupanda nacho kimechoshwa. Kiswahili kina kusia, yaani kumwaga mbegu kitaluni; kina kuatika, yaani kuotesha miche kitaluni kabla ya kuihamisha; kina kupandikiza, yaani kuhamisha mche na kuuweka mahali pake pa kudumu. Ni utajiri ambao wataalamu wa lugha nyingine wangeuonea wivu. Hata hivyo maagizo yetu husema ‘panda mwanzoni mwa mvua’. Mbegu ya mgrevilea ni ndogo, nyepesi, yenye kibawa. Tunda likipasuka upepo huichukua, hivyo hukusanywa tunda linapoanza kugeuka kutoka kijani kuwa kahawia. Miche huhitaji kukaa kitaluni kwa miezi kadhaa kabla ya kutoka. Mtu wa Babati, ambako mvua huanza aghalabu Novemba na kwisha Mei, akisia mbegu mwanzoni mwa mvua, miche yake itakuwa tayari wakati mvua zinakwisha, na itaingia ardhini kuukabili ukame. Agizo sahihi ni: ‘Sia katikati ya kiangazi, pandikiza mvua zikishika.’ Maneno saba, na kila moja ni la Kiswahili cha kawaida.

7. ‘Kilimo mseto’ na madai yake

Mgrevilea hutajwa mara nyingi pamoja na ‘kilimo mseto’. Mseto ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja, na picha hiyo ni nzuri. Lakini istilahi hii hutumika kwa mambo matatu: kupanda mazao mawili katika shamba moja, kulima pamoja na kufuga, na kupanda miti pamoja na mazao. Mtahiniwa akiulizwa faida za kilimo mseto hajui aulizwalo. Istilahi ‘kilimo misitu’ imekwisha kuanza kutumika kwa jambo la tatu, na twaiunga mkono. Wanaolalamika kwamba haina kiunganishi ‘cha’ tunawakumbusha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanzishwa mwaka 1973 na kufanya kazi kubwa Kondoa, jirani wa Babati upande wa kusini. Jina lake, lililofupishwa kuwa HADO, liliacha ‘ya’ mbili na likaeleweka na kila mtu.

Hata hivyo istilahi njema isibebe dai baya. Maandishi mengi husema kwamba mgrevilea ‘hausumbui mazao’. Ni kweli kwa kiasi katika sehemu zenye mvua ya kutosha. Lakini utafiti uliofanywa na ICRAF Machakos, Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba katika sehemu kavu mgrevilea na mahindi hugombea maji, na mahindi hushindwa. Mfasiri ana wajibu wa kuyahifadhi maneno ya masharti, kama ‘ikiwa’, ‘mahali penye’ na ‘kwa kiasi’, ambayo ndiyo hudondoka kwanza anapotafuta sentensi fupi.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaweka mbele ya wasomaji istilahi hizi:

Mgrevilea (migrevilea): mti uitwao kisayansi Grevillea robusta.
Mti wa maua: mti wowote utoao maua ya kweli, uwe na ubao mgumu au laini.
Mti wa koni: mti uzaao mbegu katika koni au mfano wake, bila maua ya kweli.
Mbao ngumu, mbao laini: ugumu wa ubao kama fundi auonavyo kwa msumeno na randa.
Udumifu: uwezo wa ubao kukaa bila kuoza wala kuliwa na wadudu.
Mti wa majani mwaka mzima: mti usiobaki mtupu katika majira yoyote.
Mti wa kupukutika: mti unaodondosha majani yote kwa majira.
Kupogoa: kuondoa matawi na kuacha shina.
Kukata kilele: kukata shina juu ili lichipue huko.
Kuchipuza kisiki: kukata shina chini ili kisiki kichipue.
Kupunguza miti: kuondoa baadhi ili mingine ipate nafasi.
Kilimo misitu: ukuzaji wa miti pamoja na mazao katika shamba moja.

9. Hitimisho

Yawezekana msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya maafisa wa misitu, wala si ya Baraza wala ya walimu wa lugha. Historia ya Babati yenyewe yatujibu. Katika miaka ya 1994 na 1995 vijiji vinavyopakana na misitu ya miombo ya Duru-Haitemba vilipewa jukumu la kuitunza, baada ya Serikali kuacha mpango wa kuifanya hifadhi yake. Vijiji vilijiwekea kanuni: matumizi yaliyo huru, matumizi yanayohitaji kibali, na matumizi yaliyokatazwa kabisa. Kanuni za namna hiyo haziwezi kulindwa na mlinzi wa kijiji isipokuwa kila kitendo kina jina lake. Mlinzi aliyeambiwa ‘kukata ni marufuku’ atamkamata aliyepogoa pamoja na aliyeangusha, au atawaachia wote wawili.

Kwa hiyo kipimo cha istilahi ya misitu tunachokipendekeza si uzuri wake katika orodha, wala ukaribu wake na neno la Kiingereza. Apewe sentensi yenye istilahi hiyo mtu asiyejua Kiingereza, mbele ya mti wenyewe, naye aulizwe: ‘Utafanya nini?’ Akionyesha kwa mkono pale ambapo mwandishi alikusudia, istilahi na ipite. Akionyesha pengine, irudishwe mezani kabla haijaingia katika kijitabu, katika mtihani, au katika sheria. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali walio katika wilaya mbalimbali wayapime mapendekezo haya kwa njia hiyo, na wayaandikie majibu, wakianza na yale waliyoyaona hayafai.